Bahasha za mjomba na ndege za karatasi za Harry Smith

Mwaka 2017, Jumapili moja jioni, nilichoma bahasha za mjomba wangu uani kwetu Tanga, pamoja na makumbi na majani makavu ya mwembe. Zilikuwa bahasha za kaki na nyingine za karatasi nyepesi, mende wameshazila pembeni, zinanuka ile harufu ya kabati la mtu aliyekufa. Hazikuchukua hata robo saa. Nilikuwa na haraka, basi la Dar linaondoka alfajiri.

Santuri zenyewe sikuzichoma, nisije nikaeleweka vibaya. Hizo ndizo nilizokuja kuziokoa. Mjomba aliacha santuri mia na thelathini na kitu, zimesimamishwa wima kwenye sanduku la mvule chini ya kitanda, barabara ya kumi na tatu, Ngamiani. Zilikuwamo zile nzito za kizamani za mizunguko 78 kwa dakika, za Siti binti Saad, zenye nembo ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Zilikuwamo ndogo za 45 za Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu, fahari ya Tanga yetu. Nilitoka Dar na kompyuta, mashine ya kuchezea niliyoazima kwa rafiki, na waya za kila aina. Siku tatu usiku na mchana nikawa nahamisha nyimbo, moja moja, huku programu ikifuta mikwaruzo na kelele za vumbi. Nilipomaliza nikajiona shujaa. Nikazipanga santuri ndani ya makasha mapya ya plastiki, bahasha kuukuu nikazitupa motoni.

Mjomba alikuwa ameandika juu ya kila bahasha. Kwa kalamu ya bluu, mwandiko wake wa kulala upande kama mtu anayepigwa na upepo. Alinunua lini, kwa nani, ilipigwa kwenye harusi ya nani, nani alilia, nani aliomba irudiwe. Nilisoma tatu au nne nikatabasamu, basi. Sikuzipiga hata picha. Simu ilikuwa mfukoni.

Miezi miwili baadaye mama mkubwa akanipigia. Amezisikiliza nyimbo kwenye simu ya mjukuu, amefurahi, ila anauliza: ule uliopigwa siku ya harusi ya mama yako ni upi? Nikafungua kompyuta. Nilikuwa nimeyaita mafaili "Santuri 001", "Santuri 002", hadi mwisho. Nikamwambia nitaangalia. Sikuwa na pa kuangalia.

Nimeanza na aibu hiyo kwa sababu bila ya hiyo nisingemwelewa Harry Smith hata kidogo. Ningemwona kama wengi wanavyomwona, mzee wa Kimarekani mwenye ndevu na miwani mizito, mkorofi, mlevi, aliyeokota takataka akaziita sanaa.

Nilimfahamu kwa kazi zake tu, New York. Nilikwenda kusoma mambo ya maktaba na nyaraka, na ilipofika mwisho wa 2023 jumba la makumbusho la Whitney lilikuwa na maonyesho ya kazi zake. Mwalimu wetu alitupeleka. Nilikwenda kwa shingo upande, maana nilisikia tu kwamba ni filamu za majaribio, na mimi filamu isiyo na kisa hunipa usingizi. Kilichoniamsha ni nyimbo. Sauti ya mtu anaimba na gitaa moja, mikwaruzo inachachatika nyuma kama mafuta ya kukaangia mihogo, na mimi nikasimama. Ilikuwa mikwaruzo ile ile niliyoifuta usiku wa tatu pale Ngamiani.

Smith alizaliwa Portland, Oregon, mwaka 1923, akakulia jimbo la Washington, kaskazini kabisa, karibu na mpaka wa Kanada. Mama yake alifundisha shule katika eneo la Walummi, Wahindi Wekundu wa pwani ile, na kijana akiwa bado shuleni alikuwa akienda huko na mashine ya kunasia sauti, kurekodi nyimbo na kuandika jinsi watu wanavyocheza ngoma zao. Mwaka 1943 jarida moja la Marekani lilichapisha picha yake akiwa kazini miongoni mwa wazee. Ukimtazama pale unaona mtoto wa shule aliyevaa miwani, hana dalili yoyote ya ukorofi. Alisoma anthropolojia kwa muda mfupi chuo kikuu, akaacha, akahamia California.

Wakati huo huo alikuwa akikusanya santuri. Hapa bahati ilimsaidia. Santuri za 78 zilitengenezwa kwa shelaki, gundi inayotokana na wadudu wa India, na vita kuu ya pili ilipobana biashara, Marekani ikaanza kukusanya santuri kuukuu ili ziyeyushwe. Marundo kwa marundo yakatoka majumbani na madukani. Smith akawa anachagua ndani ya marundo hayo kwa bei ya kutupa. Nyimbo za watu wa milimani, za wakulima weusi wa Kusini, za makanisani, za Wafaransa wa Louisiana. Vitu ambavyo mtu wa mjini aliyesoma asingevitia ndani kwake. Alifika New York mwanzoni mwa miaka ya 1950 akiwa hana senti na ana maelfu ya santuri. Akaenda kwa Moses Asch, mwenye kampuni ya santuri ya Folkways, kumuuzia. Asch akamwambia afanye kazi bora zaidi ya kuuza: achague, apange, Folkways itoe.

Ndiyo ikatoka, 1952, *Anthology of American Folk Music*. Nyimbo 84, santuri sita, makasha matatu: nyimbo za visa, nyimbo za shughuli za watu, na nyimbo tu. Karibu zote zilirekodiwa kati ya 1927 na 1932, na yeye mwenyewe alieleza kwa nini: mwanzo wake ni pale umeme ulipoanza kunasa sauti vizuri, na mwisho wake ni pale mdororo wa uchumi ulipoua soko la muziki wa aina hiyo. Majalada yalikuwa ya bluu, nyekundu na kijani, kwa ajili ya hewa, moto na maji. Wazazi wake walikuwa watu wa falsafa za siri, na yeye hakuwahi kutoka humo.

Lakini mimi sikuja kusimulia majalada. Kilichonikamata ni kijitabu.

Ndani ya kila kasha mlikuwa na kijitabu alichokitengeneza mwenyewe, amekata na kubandika picha za vitabu vya kale, na kila wimbo una namba, jina la mwimbaji, tarehe ya kurekodiwa, kampuni, namba ya santuri, na muhtasari wa kisa chake ulioandikwa kama kichwa cha habari cha gazeti. Kuna wimbo wa chura kumchumbia panya, aliouimba Chubby Parker mwaka 1928. Smith anauripoti, kwa Kiswahili changu mimi, hivi: ndoa ya mchanganyiko wa wanyama yafanikiwa kati ya panya na chura, jamaa waridhia. Nilicheka peke yangu maktabani hadi mtu akanitazama. Mzaha ule una kazi yake. Amekwambia wimbo unasema nini, amekwambia usiuogope, na chini yake ameweka tarehe na namba kwa uangalifu wa karani wa forodha.

Na kitu kimoja amekiacha kwa makusudi. Hakuandika nani mweusi nani mweupe. Miaka hiyo makampuni ya santuri yaliuza muziki wa weusi na wa weupe kwa orodha mbili tofauti; yeye akawachanganya, wimbo wa huyu ukafuatwa na wa yule, msikilizaji ajijue mwenyewe. Wengi walisikiliza kwa miaka wakidhani mwimbaji mmoja, Mississippi John Hurt, ni mzungu wa milimani. Alikuwa mkulima mweusi wa Avalon, Mississippi, na mwaka 1963 walimkuta bado yuko hai, bado anaishi palepale. Mwaka huohuo akapanda jukwaa la tamasha la muziki la Newport. Clarence Ashley, mwimbaji mwingine wa makasha yale, naye alitokea hivyohivyo, watu walidhani ni marehemu. Bob Dylan katika albamu yake ya kwanza ya 1962 aliimba wimbo wa Blind Lemon Jefferson uliomo kwenye makasha yale, ule wa kuomba kaburi lake litunzwe safi.

Nimefikiri sana jambo hili la kuacha. Nilipochoma bahasha na mimi niliacha kitu, lakini mimi niliacha kwa kutojali. Yeye aliacha jambo moja ili masikio yafanye kazi, na mengine yote akayaandika. Kuna tofauti ya mbingu na ardhi hapo.

Baada ya maonyesho nikawa mgonjwa wa Harry Smith. Nikaenda kuitazama filamu yake maarufu, *Heaven and Earth Magic*, katika jumba dogo la Anthology Film Archives, East Village. Saa moja na dakika sita, nyeusi na nyeupe, picha zilizokatwa kwenye katalogi za karne ya 19 zinatembea zenyewe. Kisa, kwa maelezo yake mwenyewe, ni mwanamke anayeumwa jino baada ya kupotelewa na tikiti maji la thamani kubwa, anang'olewa, anapelekwa mbinguni. Sikuwahi kuwaza kwamba tikiti maji linaweza kumpeleka mtu mbinguni. Nusu saa ya kwanza nililala. Nilipoamka kulikuwa na nyundo inapiga kitu na kitu kinageuka kitu kingine, na sikulala tena.

Filamu zake za awali ndizo ninazozipenda zaidi, kwa sababu nilizielewa kwa mikono. Hakutumia kamera. Alichora juu ya ukanda wenyewe wa filamu, fremu kwa fremu, anabandika vidoti vya gundi, anapulizia rangi, anapaka mafuta ya Vaseline, anabandua. Yeye mwenyewe aliita njia hiyo batiki. Mtu yeyote aliyemwona mama wa batiki akipaka nta kwenye kitambaa, akachovya rangi, akachemsha nta itoke, anajua mara moja kilichokuwa kinafanyika, isipokuwa kitambaa cha Smith kilikuwa na upana wa vidole viwili hivi na kilihitaji picha ishirini na nne kwa sekunde moja. Kazi ya miaka inapita mbele ya macho yako kwa dakika chache. Na baada ya taabu yote hiyo, alipoandika maelezo ya filamu zake aliziita kinyesi chake cha sinema.

Sasa ndege za karatasi. Kwa zaidi ya miaka ishirini Smith alikuwa akiokota ndege za karatasi katika mitaa ya New York, zile watoto wanazokunja wakazirusha dirishani. Alizibapa akazihifadhi, na juu yake akaandika ameiokota lini na wapi, mtaa gani unakutana na mtaa gani. Zilizobaki na kuchapishwa katika kitabu ni 251. Niliazima kitabu hicho maktabani nikakaa nacho wiki nzima. Nyingine zimekunjwa kwa karatasi ya daftari lenye hesabu za mtoto, nyingine kwa tangazo la barabarani, nyingine ina alama ya tairi. Na mwandiko wake mdogo pembeni. Nikawa natazama mwandiko kuliko ndege.

Nilifikiri: huyu mtu ameandika tarehe juu ya takataka ya mtoto wa mtaani asiyemjua. Mimi nilikuwa na mwandiko wa mjomba wangu mwenyewe.

Naomba nisimpambe. Harry Smith alikuwa mtu mgumu sana kuwa naye. Aliomba pesa kwa kila aliyemjua, aliazima vitabu na kurudisha kukawa hadithi, alikunywa, alitukana waliomlisha. Alihama hoteli hadi hoteli. Wakati mmoja, yuko safarini, mwenye nyumba aliyekuwa akimdai alitoa vitu vyake vyote nje, michoro na filamu zikaishia jalalani. Nyingine aliziharibu mwenyewe kwa hasira. Sehemu ya hazina yake hatutaiona. Na kuna swali la wale Walummi: kijana mzungu akinasa nyimbo za ibada, nyimbo zinakuwa za nani? Sisi tulionaswa na wageni wenye mashine tunalijua swali hilo toka upande wa pili. Silifungi hapa. Nasema tu kwamba nilipokuwa nikimsifu kwa wenzangu darasani, msichana mmoja mwenye asili ya kabila la huko magharibi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Na mjomba wako, waimbaji wale aliwajua?" Nikasema ndiyo, wengine walikuwa wakinywa kahawa barazani kwake. Akasema, "Basi si sawa." Nikanyamaza.

Japokuwa ipo hadithi ya Anadarko, Oklahoma, ambayo inanifanya nimpunguzie. Mwaka 1964 alikwenda huko kwa kazi ya filamu ya mtu mwingine, akatiwa korokoroni. Humo lupango akakutana na Wakiowa, Wahindi Wekundu wa kule, wakazoeana, na walipotoka wakamwimbia nyimbo za ibada yao ya peyote, dungusi linaloleta njozi, na kumweleza maana zake. Folkways ilizitoa mwaka 1973, santuri tatu, na maelezo marefu. Mtu aliyejua kukaa chini na wafungwa wenzake akasikiliza si mwokota vitu tu.

Miaka ya mwisho mshairi Allen Ginsberg alimchukua nyumbani kwake, naye Smith akaweka kipaza sauti dirishani kunasa alfajiri ya New York: magari, ndege, watu wanaoitana. Baadaye akapelekwa chuo cha Naropa, Boulder, Colorado, akapewa chumba na cheo cha mganga wa chuo, kitu kama hicho. Februari 1991 wakampa tuzo ya Grammy kwa ile kazi ya 1952. Alipanda jukwaani dhaifu, akasema anafurahi ndoto zake zimetimia, ameiona Marekani ikibadilishwa na muziki. Novemba mwaka huohuo akafariki katika Hoteli ya Chelsea. Makasha yalitolewa upya mwaka 1997 na taasisi ya Smithsonian, iliyoichukua Folkways, pamoja na kijitabu kilekile.

Nilirudi Tanga Agosti 2024. Nilishuka stendi nikaenda moja kwa moja kwa mama mkubwa, sikupitia hata nyumbani kuweka begi.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Huko hawali?"

Nikamweleza nilichofanya mwaka 2017. Sikuwa nimewahi kumwambia; alidhani bahasha zililiwa na mchwa. Akanitazama kwa muda, akatengeneza kanga yake, akasema, "Kaka yangu alikuwa akiniamsha usiku nimshikie taa aandike zile." Hakusema zaidi. Ningependa angenigombeza.

Kesho yake nikaleta mashine, safari hii nimenunua yangu, na lile kasha la plastiki. Nikaanza kwa kumchezea mafaili kwenye kompyuta, maana ni rahisi. Anasikiliza, anatikisa kichwa. "Nzuri. Sijui." Nyingine: "Hii kama ya kwa kina fulani. Au siyo." Faili la kumi na tano akasema anachoka. Nikaamua kuweka santuri yenyewe.

Ya tatu ilikuwa ya Black Star. Ikaenda vizuri ubeti wa kwanza na wa pili, na kwenye ubeti wa tatu sindano ikaruka. Ta. Ikarudi nyuma neno moja, ikaruka tena. Nikanyoosha mkono kuisogeza. Mama mkubwa akanishika mkono.

"Iache! Hii. Hii ndiyo."

"Ndiyo ipi?"

"Ya mama yako. Iliruka hivihivi. Bwana harusi ameshaingia, kila mtu kimya, nayo inarukaruka hapo hapo, na kaka yangu jasho linamtoka."

Mruko ule niliufuta mwaka 2017. Nikaangalia faili lake kwenye kompyuta, Santuri 048. Programu imeuziba vizuri, huwezi kujua. Alikuwa ameshausikia dakika ishirini kabla, akasema nzuri, sijui.

Tukafanya nane siku ile. Jioni akaja jirani yake, mtu mzima mwenziwe, akabisha karibu kila kitu. Harusi ile haikuwa na gramafoni, ilikuwa na kikundi. Hapana, kikundi kilikuwa hitima ya nani vile. Nani amesikia kikundi hitimani, wewe? Nikaandika yote mawili, nani kasema nini na tarehe ya siku ile, kwenye bahasha mpya za kaki nilizonunua barabara ya nane. Natumia kalamu ya risasi. Wino wa siku hizi unapauka.

Ilipofika ile ya mama, mama mkubwa akataka nimsomee nilichoandika. Nikamsomea: jina la kikundi, namba ya santuri, harusi, inaruka ubeti wa tatu.

"Ongeza," akasema, "bibi harusi alicheka. Tulimwambia asicheke, bibi harusi hacheki. Akacheka."

Jirani akasema hakucheka, alikohoa.

"Andika na hiyo," akasema mama mkubwa. "Andika, lakini iandike chini."